Kuitakasa Nchi, Kuisafisha Nyumba

Kwa wazee wa Kikurya, Kingoreme, Kinata na Kiikoma, nchi inaweza kuchafuka. Mvua ikikatika, ng'ombe wakifa mfululizo, mimba zikiharibika nyumba hata nyumba, au ndugu akimwaga damu ya ndugu, swali la kwanza barazani si nani anaumwa. Huulizwa kimeharibika nini kati ya watu, wazee wao waliotangulia na ardhi wanayoikalia. Kwa Wakurya wa Tarime jukumu la kulijibu swali hilo lilikuwa la inchama, baraza la siri la wazee katika kila ikiaro, yaani ukoo wenye nchi yake: Wanyabasi, Wairege, Watimbaru, Wakira, Wanchari na wengine. Inchama ndiyo iliyoagiza kafara na kuikinga nchi dhidi ya maradhi na adui. Upande wa Serengeti, kwa Wanata, Waikoma na Wangoreme, kazi ya namna hiyo ilikuwa ya rikora, rika la kizazi lililopokezwa nchi. Wenye zamu waliizunguka nchi yao kwa miguu wakipita penye emisambwa, yaani kwenye chemchemi, miti na vilima vyenye mizimu, na mioto ya zamani ilizimwa majumbani ili kila mji uwashe kwa moto mpya.

Vifaa vya kazi hiyo vingemshangaza bwana afya. Majani yaliyosagika tumboni mwa mnyama aliyechinjwa, kitu ambacho leo hutupwa shimoni machinjioni, yalikuwa miongoni mwa vitakasio vyenye nguvu. Lakini mantiki ya utakaso huo ilikuwa thabiti. Uchafu haukuwa kitu kinachokaa ndani ya mtu fulani kikingoja kuondolewa. Ulikuwa hali iliyowakumba wote, na ndiyo maana hata asiye na kosa alizima moto wake. Mtu aliyeua aliwekwa kando, ila kuwekwa kando huko kulikuwa na mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Kafara ikishatolewa, alikula tena na wenzake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 utakaso wa aina nyingine ulifika ziwani Victoria na baadaye nyikani Serengeti. Huu ulitoka mijini Ulaya, ukiwa na sindano, karboliki, darubini na daftari. Haukuuliza kimeharibika nini kati ya watu. Uliuliza kijidudu kiko wapi, na nani anakibeba. Pale aina hizo mbili zilipokutana lilizuka swali ambalo sayansi peke yake haiwezi kulijibu, wala mila peke yake: anayesafisha ana haki gani juu ya anayesafishwa, na ana deni gani kwake?

Ili swali hilo lieleweke, inafaa kwanza kuiangalia huduma yenyewe ilivyokuwa mijini. Kati ya miaka ya 1880 na Vita Kuu ya Kwanza, miji mingi mikubwa ya Ulaya iliunda vikosi vya kuua vijidudu. Kabla ya hapo watu walifukiza salfa wakiamini kwamba ugonjwa ni hewa mbaya. Baada ya Robert Koch kumtambua mdudu wa kifua kikuu mwaka 1882 na kumweleza yule wa kipindupindu mwaka 1884, adui alipata sura, na kazi ikapata shabaha. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 katika jiji la Hamburg kwa muda wa miezi michache tu. Vikosi vya wasafishaji vilitumwa mitaani kunyunyizia nyumba za wagonjwa na kubeba matandiko. Tangu hapo mji usio na kituo cha kuulia vijidudu ulionekana kuwa mji uliolala.

Kituo chenyewe kilijengwa kwa namna ambayo mwanafalsafa angeitamani. Jengo liligawanywa na ukuta mmoja usio na mlango wa kupitia. Upande mmoja uliitwa mchafu, mwingine msafi. Ndani ya ukuta huo lilipachikwa pipa kubwa la chuma lenye milango miwili, mmoja ukifungukia huku na mwingine kule. Magodoro, mablanketi na nguo ziliingizwa upande mchafu, zikapigwa mvuke wa moto wenye mgandamizo, kisha zikatolewa upande msafi. Magari yaliyoleta vitu hayakuruhusiwa kuvirudisha, na mfanyakazi aliyetaka kuvuka ilimbidi aoge na kubadili nguo. Vitu visivyostahimili mvuke, kama ngozi na vitabu, vilifukizwa kwa formalini. Mpaka kati ya uchafu na usafi, ambao katika dini nyingi hauonekani kwa macho, hapa ulijengwa kwa matofali.

Katika mtaa wa Hackney, London, ambako kituo kilifunguliwa mwaka 1901, kulikuwa na nyongeza ambayo wanahistoria wa tiba huipita haraka. Palijengwa nyumba ya hifadhi ili familia maskini iwe na pa kulala wakati chumba chake kinafukizwa. Jambo hilo laonekana dogo. Lakini ndani yake kuna ungamo: mji unaochukua nyumba ya mtu kwa ajili ya afya ya wote unadaiwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1897 nayo iliruhusu serikali za mitaa kuwasafisha bure watu wenye chawa waliojitokeza kuomba, bila kuwahesabu kama mafukara wanaoishi kwa msaada. Miaka 11 baadaye, sheria ya watoto ya mwaka 1908 iliongeza nguvu ya kumsafisha mtoto wa shule hata mzazi asipotaka. Hiari ilianza kuwa amri.

Fikra za Kiislamu za pwani zina chombo kizuri cha kulipimia jambo hili, na msomaji wa Kiswahili hana haja ya kwenda mbali kukitafuta. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii hutenganisha najisi na hadathi. Najisi ni kitu: damu, mkojo, mzoga. Huondolewa kwa maji mpaka chenyewe kiishe pamoja na rangi yake, ladha yake na harufu yake, na hakihitaji nia ya mtu. Hata mvua ikikiosha, kimeoshwa. Hadathi ni hali ya mtu mwenyewe, haionekani wala hainuki, na haiondoki ila kwa udhu au josho lenye nia. Hakuna awezaye kumwondolea mwenzake mzima hadathi kwa kumkamata na kummwagia maji. Na juu ya hayo ipo kanuni nyingine nzito, kwamba mwili wa mwanadamu, aliye hai au aliyekufa, si najisi. Mtu anaweza kubeba najisi. Yeye mwenyewe hawi najisi.

Kwa kipimo hicho, kuua vijidudu ni elimu ya najisi. Mvuke hauhitaji nia ya godoro. Karboliki huua bila kujali anayeinyunyiza anaamini nini, na hapo ndipo ilipo heshima yake. Kosa lilitokea pale wasafishaji walipovuka mpaka wao na kuanza kumtendea mtu kana kwamba yeye ndiye najisi, au kushughulikia hadathi ya jamii nzima, hofu yake, aibu yake na chuki zake, kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya magodoro.

Bombay ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Tauni ilipolipuka huko mwaka 1896, serikali ya Waingereza iliingia majumbani kwa nguvu. Sakafu zilimiminiwa dawa, mapaa yalitobolewa jua liingie, mali zikachomwa, wanawake wakakaguliwa na wageni. Mwaka 1897 huko Pune, ofisa aliyesimamia kazi hiyo, W. C. Rand, aliuawa na vijana waliochukizwa nayo. Mwaka uliofuata daktari Paul-Louis Simond alionyesha kwamba tauni huenezwa na viroboto wa panya, na ilichukua miaka kadhaa wenzake kumkubali. Dawa iliyomwagwa sakafuni ilikuwa ikiwafukuza panya kutoka nyumba moja kwenda nyingine. Waliosafishwa walilipa gharama yote, na maradhi yakaendelea na safari yake.

Nairobi, mwaka 1902, tauni ilipoonekana katika soko la Wahindi, soko zima lilihamwa na kuchomwa moto. Moto huo haukuwa wa ujinga mtupu, maana panya nao huungua. Lakini tauni ilirudi katika miaka iliyofuata, na kila iliporudi lilirudi pia wazo kwamba uchafu una kabila. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson alitumwa kukagua usafi wa miji ya Afrika Mashariki, Uganda na Zanzibar, akapendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika watengwe kwa mitaa, na kati yao pawe na uwanda mtupu. Dar es Salaam, kwanza chini ya Wajerumani na baadaye chini ya Waingereza, ilipangwa kwa fikra hiyohiyo. Ukuta wa kituo cha mvuke ulikuwa umehamishiwa mjini, ila pipa lenye milango miwili halikuwekwa. Aliyekuwa upande mchafu alibaki hukohuko hata akioga mara saba kwa siku.

Fikra hiyo ikiachwa iende hadi mwisho wake, mwisho wake unajulikana. Zyklon B ilitengenezwa Ujerumani katika miaka ya 1920 kwa ajili ya kuua chawa na wadudu wa maghalani. Kuanzia mwaka 1941 ilitumika katika kambi ya Auschwitz kuua watu, ambao waliambiwa wanapelekwa kuoga na kusafishwa. Haifai kusema kwamba kila bwana afya alikuwa njiani kuelekea huko. Inafaa kusema kwamba lugha ilikuwa tayari imeandaliwa.

Ziwa Victoria lilikuwa na msiba wake. Kati ya mwaka 1900 na 1906 malale iliua watu zaidi ya 200,000 upande wa Uganda. Koch mwenyewe, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikuja mwaka 1906 na kupiga kambi visiwani Sese, akawadunga wagonjwa maelfu ya sindano za atoxyl, dawa yenye arseniki. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu na habari ikaenea hadi mbali. Alipoongeza kipimo, zaidi ya ishirini kati yao walipofuka kabisa. Hata hivyo aliondoka mwaka 1907 akipendekeza kambi za kuwakusanya wagonjwa, na Wajerumani wakazianzisha katika himaya yao. Mojawapo ilikuwa Shirati, bandari na boma la mpakani, katika eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Tarime hadi Rorya ilipotengwa mwaka 2007.

Shirati ilifanya kazi ya najisi kwa bidii. Watu walipapaswa shingo kutafuta tezi zilizovimba, maji ya tezi yakaangaliwa kwa darubini, waliokutwa na vimelea wakadungwa, na vichaka vya ufukweni vikafyekwa ili mbung'o wakose kivuli. Kufyeka kulikuwa na maana, hasa baada ya daktari Friedrich Karl Kleine kuthibitisha mwaka 1909 kwamba vimelea hukua ndani ya mdudu huyo na si kubebwa tu mdomoni mwake. Tatizo lilikuwa kambini. Wagonjwa walikuja kwa hiari yao pale walipoona nafuu, na wengi waliondoka kwa hiari yao pale sindano ilipouma zaidi ya maradhi. Madaktari waliandika kuondoka huko kama utoro. Kwa familia za Wajaluo na majirani zao, mgonjwa aliyepelekwa kufia mbali na nyumbani hakuwa ametibiwa hata kidogo; aliongeza tatizo la pili, kwa kuwa maiti isiyozikwa pake huacha mambo yasiyokwisha kati ya walio hai na waliokufa. Kambi ilikuwa na mlango wa kuingilia. Utaratibu wa kumrudisha mtu kwao, akapokewa na kutambuliwa kuwa amekwisha kuwa safi, haukuwa katika mpango.

Ikoma ilipatwa baadaye, na kwa njia ngumu zaidi. Nchi hiyo ilikuwa imeshavunjika mara moja: sotoka ilifagia ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikafuatwa na njaa na ndui. Mashamba na malisho yaliachwa, vichaka vikarudi, na mbung'o wakarudi pamoja navyo. Katika miaka ya 1920 malale ya aina kali zaidi, ile ambayo hifadhi yake ni wanyama wa porini, ilipoonekana pande hizo, serikali ya Waingereza ilikusanya watu katika makazi ya pamoja na kuwaondoa waliotawanyika. Hoja yake ilikuwa ya kitaalamu na haikukosa akili. Watu wengi wakikaa pamoja na kulima, pori husogea mbali.

Lakini John Ford, katika kitabu chake cha mwaka 1971, na Helge Kjekshus, aliyechapisha cha kwake mwaka 1977, walileta hoja iliyogeuza mambo. Kwa maoni yao, wakulima na wafugaji wa zamani ndio waliokuwa wakimzuia mbung'o kwa kulima, kuchoma nyasi na kupanga makazi, na nchi ilipohamwa ndipo pori lenye maradhi lilipopata nafasi. Ikiwa hivyo ndivyo, kuwahamisha watu ili kuisafisha nchi kulimwondoa msafishaji mkuu wa nchi. Mzunguko wa rikora haukuwa udhibiti wa mbung'o, na itakuwa ni kuibembeleza mila kusema kwamba wazee walijua habari za vimelea. Ila ulikuwa ukaguzi: kizazi kizima kikipita kwa miguu penye maji, mipaka na malisho, kikitambua yaliyo hai na yaliyoharibika. Mwaka 1951 sehemu kubwa ya nchi hiyo iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na mahali kadhaa pa emisambwa sasa pamo ndani ya mipaka ambayo wenyewe hawaruhusiwi kuivuka bila kibali. Watalii husifu nyika isiyoguswa na mtu. Mwaka 2001 baadhi yao walirudi kwao Ulaya na malale.

Ukristo ulileta utakaso wa namna ya tatu. Wamennonite wa Marekani walifika Shirati mwaka 1934, na hospitali yao ikawa miongoni mwa zinazotegemewa sana katika Mkoa wa Mara. Walileta sabuni na Biblia kwa pamoja, na kwa miaka ya mwanzo vitu hivyo viwili havikutenganishwa vizuri: mwongofu alitarajiwa kuwa na nyumba ya pembe nne, nguo safi na kikombe chake. Kisha mwaka 1942 uamsho uliokuwa ukienea kutoka Rwanda na Uganda ulifika Shirati. Watu waliungama hadharani, wakarudisha vilivyoibwa. Jambo lililoshangaza zaidi ni kwamba wamisionari wenyewe waliungama mbele ya Waafrika, wakitaja kiburi chao na umbali waliouweka kati yao na wale waliokuja kuwahubiri. Kwa mara ya kwanza katika historia ya utakaso wa kigeni ziwani, msafishaji alikiri kwamba yeye pia ni mchafu. Uamsho huo ulikuwa na kasoro zake, hasa ukali wa waliookoka kwa wasioungama. Ila katika suala la nani amsafishe nani, ulikaribia rikora kuliko ulivyokaribia kambi ya malale, maana hapakuwa na aliyesimama nje ya ukuta akitoa amri.

Hata kitabu cha Walawi, ambacho wengi hukikumbuka kwa ukali wa sheria zake za ukoma, hakimwachi mtu nje ya kambi. Kuhani hutoka yeye mwenyewe kwenda kumwona aliyetengwa, na yapo masharti marefu ya kurudi: kufua, kunyoa, siku saba, kafara ya siku ya nane. Maskini amepunguziwa kafara kwa maandishi. Sheria inayojua kumfukuza mtu, ikajua pia bei ya kumrudisha na kuishusha kwa asiyejiweza, imefikiri mbali zaidi kuliko ripoti ya Simpson.

Mpaka hapa mila za Mara zimeonekana kushinda. Si haki kuziachia ushindi huo. Wakurya wana saro, msimu wa tohara, ambao Tarime umezoeleka kufika mwishoni mwa miaka isiyo witiri, hasa mwezi wa Desemba. Wavulana hutahiriwa, na katika koo nyingi wasichana wamekuwa wakikeketwa. Miongoni mwa hoja zinazotolewa ni usafi. Binti asiyekeketwa huitwa msagane, huonwa kama asiyekamilika, na yapo mambo ya nyumbani ambayo hadhi hiyo humnyima akiolewa. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mkoa wa Mara wamekeketwa, wakati kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 10. Sheria iliyopitishwa mwaka 1998 inamwadhibu anayemkeketa msichana aliye chini ya miaka 18.

Kwa kipimo kilichotumika juu ya Bombay na Shirati, saro ya wasichana inaanguka palepale. Anayetajwa kuwa mchafu hakuchagua. Gharama yote iko mwilini mwake, na haifutiki. Hao wanaopanga msimu hawakatwi kitu, na zawadi na ujira hupita mikononi mwa watu wengine. Zaidi ya hapo, uchafu unaodaiwa haukuletwa na tendo lolote la binti. Ni mwili aliozaliwa nao. Hapa mila imefanya kosa lilelile la mpangaji wa miji aliyeamini kwamba uchafu una kabila, yaani imechukua hadhi ya mtu katika jamii ikaisoma kama najisi iliyo mwilini mwake. Mzee anayetetea ukeketaji kwa jina la mila hawezi kujificha nyuma ya rikora, kwa sababu katika mzunguko wa rikora wazee wenyewe walichoka miguu.

Katika suala hili dawa ya kuua vijidudu ilirudi kwa njia isiyotarajiwa. Hofu ya ukimwi ilipoenea, katika nchi ya Wakurya pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya ilianza desturi ya wembe mmoja kwa kila msichana. Kenya, hasa kwa Wakisii, wauguzi walianza kuifanya kazi hiyo kwa glavu, ganzi na spiriti. Wapo walioona kuwa hayo ni maendeleo, na kwa upande wa najisi ni kweli: pepopunda na maambukizi hupungua. Lakini swali halikuwa la wembe. Kisu kilichochemshwa hakibadilishi jibu la nani amemtaja nani kuwa mchafu. Usafi wa chombo uliazima heshima ya hospitali ukaipa dhuluma, na dhuluma ikawa ngumu zaidi kuipinga kwa sababu sasa ilinukia dawa.

Maji ya klorini yaliyopulizwa vituoni mwa mabasi Dar es Salaam mwaka 2020, wakati wa korona, ni suala jepesi kuliko hilo, ila ni la jamii moja nalo. Yalinyunyiziwa hewani na barabarani, mahali ambapo vumbi na takataka huiua klorini kabla klorini haijaua chochote. Rais John Magufuli aliibeza kazi hiyo hadharani, na katika hilo, ingawa si katika mengine, alikubaliana na Shirika la Afya Duniani, ambalo mwezi Mei mwaka huo lilishauri dhidi ya kupulizia barabara. Upuliziaji huo ulikuwa kafara ya mji uliokuwa na hofu. Kafara si lazima iwe kitu kibaya, ila inafaa ijulikane kwamba ni kafara.

Mashariki ya Kongo, kwa wasemaji wa Kiswahili wa Beni na Butembo, suala lilikuwa zito kweli. Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Vikosi vya mazishi viliingia mitaani vikiwa vimevaa nguo zinazoficha uso, vikapuliza klorini nyumbani na kuchukua maiti. Vilipigwa mawe, na watumishi wa afya waliuawa. Kujibu hayo, taratibu zilirekebishwa. Wahudumu walishauriwa wafike kwa nyuso wazi, wasalimie, kisha wavae mbele ya familia. Jamaa waliruhusiwa kusali, na wengine wakafundishwa kubeba wenyewe. Wagonjwa waliopona walipewa vyeti mbele ya watu, na kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga, wengi wao waliajiriwa kuwalea watoto ambao mama zao walikuwa wodini. Klorini haikupunguzwa hata tone. Kilichoongezwa ni njia ya kurudi, na nia ya familia ikapewa nafasi.

Tarime na Serengeti kazi hiyo ya kurudisha ndiyo ngumu kuliko zote. Kituo cha Masanga huko Tarime, na nyumba salama ya Mugumu ambako Rhobi Samwelly amekuwa akiongoza, huwapokea wasichana wanaokimbia saro. Msimu ukifika mabinti hufundishwa kuhusu miili yao, sheria na kazi za mikono, na mwishoni hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima bila kukatwa. Hapo ndipo utakaso uliotenganishwa na kisu hupimwa. Sherehe ya kituoni inaweza kumpa binti hadhi mbele ya walimu na wafadhili. Haiwezi peke yake kumpa hadhi hiyo mezani kwa bibi yake, na ngoma ya wageni haizimi moto wa ukoo. Kwa hiyo baada ya sherehe huanza vikao. Maofisa ustawi wa jamii na polisi wa dawati la jinsia hukaa na wazazi, wazazi hutia saini kwamba hawatamkeketa, na baadhi ya mabinti hurejea nyumbani kabla shule hazijafunguliwa Januari. Wengine hubaki kituoni, wakisubiri koo zao ziamue.